Neno la Kusimamisha Mashine

Ulikuwa mwaka wa ugali wa njano. Wajukuu wakiniuliza ni mwaka gani hasa, hiyo ndiyo tarehe niliyo nayo, na aliyeula hahitaji nyingine. Mahindi yetu yalikuwa yamekauka yakiwa mafupi kama mtoto wa shule, serikali ikaleta mengine kutoka ng'ambo, ya njano kama kiini cha yai, na unga wake ulinuka gunia. Obusuma, ndio ugali kwa lugha yetu, wa unga ule haukushikana. Ukiufinyanga uchotee mboga, unavunjika, mboga inarudi sahanini. Watoto wangu waliusukuma pembeni wakasema, "Mama, hii ni ya kuku." Nikawaambia kuku angekuwa na bahati, kama tungekuwa na kuku. Uhuru ulikuwa umekuja juzi tu, bendera bado inang'aa pale bomani, na sisi tunakula njano.

Mimi si mtu wa shule. Nilifika darasa la pili nikatolewa kwenda kulea mdogo wangu, nikabaki na kusoma kwa kufuata neno kwa kidole, na kuandika jina langu. Haya ninayaandika mwenyewe kwenye daftari. Mjukuu ananisahihishia l na r, maana kwangu hizo mbili ni dada wa tumbo moja. Lakini maneno ni yangu.

Nisiwazungushe. Hii ni habari ya mkono wa kulia wa dada yake mume wangu. Kwetu yeye na mimi tunaitana mulamwa, na mulamwa ni mtu wa kutaniana naye, hata matusi madogo yanaruhusiwa. Alikuwa amerudi kutoka kwenye ndoa bila mtoto, akaja kukaa nami Shinyalu. Mume wangu alikuwa Mautuma, anang'oa visiki kwenye shamba tulilogawiwa katika ardhi iliyokuwa ya Mzungu. Alisema atatuchukua nyumba ikishasimama. Basi tukabaki wanawake wawili na watoto wangu. Mulamwa alikuwa na mikono. Siku ya Jumapili baada ya kanisa wanawake walipanga foleni uani kwangu awasuke nywele, na vidole vyake vilikwenda mbio hata ukimtazama unapata kizunguzungu. Kichwa changu alikisuka wa kwanza, akinivuta masikio makusudi.

Tukatafuta kazi kiwanda cha sukari guru, mwendo wa saa moja kwa miguu. Asiyekijua asidhani ni kiwanda cha ghorofa. Ni paa la mabati juu ya nguzo. Upande huu magogo matatu ya chuma yanayozunguka na kukamua miwa, upande ule makarai makubwa juu ya jiko la shimo. Maji ya miwa yanachemka mpaka yanakuwa mazito, yanamwagwa kwenye vibao, yanaganda. Makapi ya miwa unayaanika juani, yakikauka yanarudi kuwasha jiko. Ni kitu kizuri kama jua lipo. Huku kwetu saa tisa mvua inatoka upande wa msituni kila siku kama mtu aliyeajiriwa.

Injini haikukaa pamoja nasi. Ilikuwa kibandani, nyuma ya ukuta wa mabati, na mkanda mrefu wa ngozi ulipita kwenye tundu la ukuta kuja kuzungusha magogo. Fundi wa injini hakutuona, na sisi hatukumwona. Kati yetu na yeye kulikuwa na neno tu. Muwa ukikwama, mmoja wetu anapiga kelele, "Funga!" na fundi anasimamisha injini. Watu wa shule wanasema zima. Sisi huku tunafunga kila kitu. Taa tunafunga, maji tunafunga, redio ya jirani tunamwambia afunge, na jioni kazi tunafunga.

Mhindi aliyejenga kile kiwanda alikuwa ameweka ubao mnene wa mvule mbele ya magogo, wenye mwanya wa kupitisha muwa. Ngumi haipiti. Si kwamba alitupenda. Walisema aliwahi kuona mkono ukiingia, akakosa usingizi. Baada ya Uhuru aliuza akahama. Aliyenunua ni mwananchi mwenzetu wa mjini, tulimwona mara mbili, akatuwekea nyapara. Huyo nyapara alikuwa na viatu vinavyong'aa na maneno yanayong'aa zaidi. Siku yake ya pili akasimama mbele ya ubao, akaupiga teke kidogo.

"Huu ni wa wakoloni," akasema. "Unapitisha muwa mmoja mmoja kama foleni ya hospitali. Sasa tuko huru, akina mama. Lisheni mashine ishibe."

Watu wakacheka. Ubao ukatolewa, ukaegemezwa ukutani. Zamu ya kulisha ilikuwa yangu. Nikatazama yale magogo yakiwa wazi, yanavyovuta muwa kwa pupa, na upande wa pili unatoka umekuwa kama kamba iliyotafunwa.

"Mama, unangoja nini?" nyapara akaniuliza.

"Kidole changu siweki hapo."

"Nani amekuambia uweke kidole? Weka muwa."

"Muwa na kidole vinaenda njia moja."

"Basi nenda nyumbani ukale njano yako."

Nilikuwa nakusanya kitambaa changu niende. Ndipo mulamwa akanisukuma kwa nyonga. "Kaa kando, mulamwa. Una watoto. Na vile ulivyo mnene, ukiingia huko mashine ya watu itaharibika." Akachukua muwa, akalisha. Watu wakacheka tena. Mimi pia nilicheka. Nikahamia kwenye makapi, na nitasema kweli, moyo wangu ulitulia. Nilikataa, na mahali nilipopakataa akasimama yeye.

Tukajitafutia kinga zetu. Nilimkata mikono ya gauni kwa kisu cha miwa ili isishikwe. Nilimvua shanga. Nilimpa kijiti cha kusukumia muwa, magogo yakakivunja siku ileile kama kibiriti. Wale wa makarai walijifunga magunia miguuni kwa sababu ya maji ya moto, na aliyeungua alipakwa samli. Hakuna aliyetufundisha. Kila mtu alijilinda kwa kile alichokiona kikimuumiza mwenzake jana.

Halafu ikaja juma la mvua tupu. Makapi yote yalilowa, jiko likaanza kufa, na maji kwenye karai yakikaa nusu hivyo yanaharibika. Nyapara akawa anakimbia huku na huku na viatu vyake matopeni.

"Leteni kitu kikavu!"

"Hakuna," tukamwambia.

"Ule ubao!"

Niliyekuwa karibu ni mimi. Niliubeba kwa mikono yangu miwili, ulikuwa mzito kama mtoto aliyelala, nikausukuma jikoni. Ukawaka vizuri. Nilisimama nikautazama, na nilijua kabisa ni kitu gani ninachokiunguza. Siku zote nilikuwa nikijiambia ubao upo pale ukutani, siku moja mtu mwenye akili ataurudisha. Baada ya hapo hapakuwa na cha kurudisha.

Haukupita muda, fundi wetu wa injini, mzee aliyekuwepo tangu enzi ya Mhindi, akapata shamba lake Lugari akaondoka. Akaletwa mwingine, mtu wa makamo, mpole, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kusaga unga. Asubuhi yake ya kwanza nilimpelekea uji kibandani. Nikamkuta ameinama, anarusha mkanda kwenye gurudumu la injini, ukashika. Magogo yakaanza kuzunguka upande wetu.

"Nimeshafunga!" akapiga kelele kupitia tunduni.

Nikacheka. "Umefunga nini, fundi, na inatembea?"

"Mkanda, mama. Nimefunga mkanda."

Kicheko kikanikauka mdomoni. Nikaweka uji chini.

"Fundi, ukisikia sisi kule tunasema funga, utafanya nini?"

"Si nitafunga mkanda? Ningefanya nini kingine?"

"Na tukitaka isimame?"

"Mtasema zima. Ama mseme toa. Kule nilikotoka tunasemanga hivyo."

"Huku kwetu funga ni kusimamisha."

Akanitazama. Hakunicheka, na kwa hilo nitamsifu hadi leo. Akasema, "Hii ni hatari, mama. Mwambie nyapara atupe neno moja, alitangaze, kila mtu alijue."

Nikaenda kwa nyapara. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anafuta viatu kwa makapi.

"Nyapara, funga ya yule fundi si funga ya kwetu."

"Ati?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, hata leo nikijisikiliza naona nilieleza vizuri. Aliendelea kufuta mpaka nikamaliza, halafu akageukia wale wanaopakua miwa.

"Jamani, tumepata mwalimu wa Kiswahili! Mama, ulifika darasa la ngapi?"

"La pili."

"Ahaa. Funga wanafundisha la tatu."

Walicheka mpaka mmoja akaangusha mzigo. Ningefanya nini? Ningemshika shati? Nilirudi kwenye makapi yangu na uso unaniwaka. Jioni, njiani, sisi wanawake tulikubaliana wenyewe kwamba kuanzia kesho tutasema zima. Mulamwa alilifanyia mchezo, akaenda akiimba zima, zima, mpaka nyumbani, watoto wangu wakadaka, wakawa wanaambiana zima wakigombania kigoda.

Siku za kwanza tulikumbuka. Lakini neno si nguo, huwezi kulivua jana ukavaa lingine leo. Na siku nyingi hatukulihitaji, kwa sababu nyapara mwenyewe alikuwa akitembea hadi kibandani kumpa fundi maagizo.

Siku ile nyapara alikuwa ameitwa mjini. Mvua ilikuja saa yake. Ikapiga mabati hata ukisema na mtu unaona midomo tu. Maji yakapenya kwenye tundu la ukuta, yakaulowesha mkanda, ukateleza, ukatoka kwenye gurudumu. Magogo yakasimama, muwa umekwama katikati. Injini kule nyuma ilikuwa bado inanguruma. Mulamwa akafanya kile ambacho kila mlishaji alikifanya magogo yakisimama: akaingiza mkono kuchomoa muwa.

Nilimwona. Nilikuwa na mzigo wa makapi kichwani. Nikasikia injini inatembea, nikaona mkono wake mahali ulipokuwa, nikataka injini ile inyamaze kabisa mpaka atoe. Hicho tu ndicho nilichotaka. Nikatupa mzigo, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote kuelekea tunduni:

"Funga!"

Mvua ikanyamaza kidogo kama iliyotaka nisikie jibu. Nikamsikia fundi, sauti ya mtu mtiifu:

"Nafunga, mama!"

Akafunga.

Mulamwa hakulia. Alisema polepole, kama mtu aliyenaswa gauni kwenye mwiba, "Mulamwa, mashine imenishika." Nikamrukia, nikamkumbatia kiunoni, nikavuta, magogo nayo yakavuta upande wao. Nikafungua mdomo nipige kelele isimame. Mdomo ukabaki wazi. Nilikuwa na neno moja tu maishani la kusimamisha ile mashine, na hilo neno ndilo lililoiwasha. Lile lingine, tulilokubaliana njiani, ambalo watoto wangu wadogo walilijua, lilikuwa limenitoka kabisa. Nililitafuta. Nakuapia nililitafuta, kama unavyotafuta jina la mtu unayemjua na amesimama mbele yako ananyoosha mkono. Halikuja. Nikaachia ukemi mtupu, ule wa msibani, usio na neno ndani yake.

Huo fundi aliuelewa. Akatoka mvuani, akatuona, akageuka, akarudi mbio, na injini ikafa. Wanaume wakashika magogo wakayarudisha nyuma kwa mabega yao. Kile kilichotoka sitakiandika. Kidole gumba kilibaki. Vile vinne vya mkono wa kulia havikuwepo tena.

Tulimpeleka hospitali mjini kwenye trela ya trekta, juu ya miwa, nimemfunika kwa gunia. Njiani alifumbua macho akaniuliza, "Uliita nini?"

Nikamwambia, "Niliita asimamishe."

Akafumba macho. Sikumwongopea, lakini sikumwambia neno lenyewe.

Fundi aliondoka siku ileile. Koti lake lilibaki kwenye msumari kibandani, na hakurudi kulichukua. Nilikuwa na neno la kumwambia, kwamba hakukosea, kwamba nilijua na bado nikasema. Sikupata mahali pa kumwambia.

Sukari ya siku ile ilipikwa ikauzwa kama ya siku nyingine. Tangu hapo sijaiweka sukari guru mdomoni, na nywele nilinyoa. Wajukuu wanadhani ni uzee.

Kabla sijafika mwisho wa habari, niseme yaliyokuja baadaye, ili mtu asije akadhani nilishinda kitu. Nilifukuzwa kazi. Mulamwa akapewa kazi ya kugeuza makapi juani, kwa reki, kwa mkono wa kushoto. Aliifanya mpaka mahindi meupe yaliporudi sokoni, halafu akaambiwa hakuna kazi tena. Mume wangu akaja kutuchukua, tukaenda wote Mautuma, na huko akakaa nami mpaka alipozikwa. Alichambua maharagwe kwa mkono wa kushoto, alikamua ng'ombe kwa mkono wa kushoto, alinifinya kwa mkono wa kushoto nilipomtania. Nywele za mtu hakusuka tena. Mara moja tu tuliliongea. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, akasema bila kuinua kichwa:

"Mulamwa, wewe ulikuwa na kiburi."

"Nilikuwa nacho," nikasema. Nikadhani anasema habari ya karatasi, ambayo naifikia sasa hivi.

"Tangu ile siku ya ubao."

Nilipukuchua mahindi yangu. 

Sasa karatasi. Ilikuwa mulamwa ametoka hospitali, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Tuliitwa kiwandani asubuhi. Nyapara alikuwa amepanga meza na viti vitatu, na kwenye kimoja amekaa karani kutoka mjini, amevaa tai, mbele yake karatasi iliyopigwa chapa na kibati cha wino wa zambarau. Mtu wa leba, yule wa serikali anayekagua mambo ya wafanyakazi, alikuwa anakuja Ijumaa, tukaambiwa, na kila kitu lazima kiwe kimeandikwa.

Nyapara alianza na mulamwa, kwa sauti ya harusini. "Pole sana, mama. Hatutakutupa. Kuna kazi ya makapi, ni nyepesi, utakaa juani kama malkia. Tumalize tu hii karatasi."

Karani akasoma. Alisoma mbio, kama padri aliyechelewa, na Kiswahili chake kilikuwa cha ofisini. Mulamwa aliitikia kwa kichwa. Hakuwa anasikiliza, nilimjua. Alikuwa anatazama viatu vya nyapara. Karani akamshika mkono wa kulia, akakitoa kidole gumba pale kilipochungulia kwenye bandeji, akakibonyeza kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi. Mulamwa alikunja uso. Kilikuwa bado kinauma.

"Sasa shahidi," nyapara akasema, akanionyesha kiti, nikakaa, na kibati kikasukumwa kwangu. Hakuna aliyeniuliza kama najua kuandika.

"Lete kwanza nione," nikasema.

"Utaona nini, mama? Imesomwa."

Niliichukua. Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, nikakisukuma kama nilivyofundishwa chini ya mti wa shule, herufi baada ya herufi, na wao wakangoja. Karani akaangalia saa. Maneno mengi yalinipita. Nikafika mahali nikakuta u, nikakuta ba, nikakuta o.

"Huu ubao unafanya nini hapa?"

Karani akakohoa. "Inasema mfanyakazi alitoa ubao wa kinga kwa mikono yake, akaingiza mkono kwenye mashine inayotembea, kinyume cha maagizo."

"Ubao ulitolewa na huyu hapa, kwa teke. Mimi niliuchoma. Aliniambia niuchome, nikauchoma."

"Mama," nyapara akasema.

"Na mashine haikuwa inatembea. Ilikuwa imesimama. Niliyeifanya itembee ni mimi. Andika hivyo. Andika huyu mwanamke aliita funga, na alijua, na alikuwa amesema kwa nyapara, na nyapara akamwambia funga inafundishwa darasa la tatu. Hiyo nitaweka kidole, nitaweka na jina."

Karani alimtazama nyapara. Nyapara akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemvumilia mgonjwa. "Hatuandiki hadithi hapa. Mtu wa leba anataka mambo mafupi."

"Haya basi. Iwe fupi. Andika mimi."

"Nikikuandika wewe nitaandika na ubao, nitaandika na fundi, nitaandika mpaka na mimi," akasema, na hapo ndipo alipokuwa mkweli siku ile. Halafu akainama mezani, karibu nami, nikanusa rangi ya viatu. "Usipoweka, sina kazi ya makapi ya kumpa huyu. Na wewe pia huna kazi. Umeelewa?"

Nilielewa. Nikamgeukia mulamwa. Nilitaka aniambie kitu cha kunipa nguvu, aniambie usiweke, aniambie hata tusi. Alikuwa anafuta wino wa zambarau kwenye gauni lake, polepole, kwa mkono aliobaki nao.

"Weka, mulamwa," akasema. "Mkono haurudi. Nitakula nini?"

Hapo ndipo mahali ambapo nimerudi mara nyingi kuliko mahali pengine popote duniani. Nikiweka, uongo unakuwa wake: yeye ndiye mjinga, alitoa ubao, alijikata mwenyewe, na mtu wa leba atalisoma hilo na kulifunika. Nisipoweka, nitakuwa nimemnyima chakula yule niliyemwachia nafasi yangu mbele ya magogo. Hapakuwa na upande wa tatu. Niliutafuta kama nilivyolitafuta lile neno kwenye mvua, na haukuwepo. Wakati huo sikujua kwamba kesho yake wangempata mwanamke mwingine wa kubonyeza, na karatasi ingepita, na kazi ya makapi angepewa vilevile. Nilijua nilichokijua, basi.

"Mama, tusipoteze saa," nyapara akasema. Akakisukuma kibati mpaka kikagusa mkono wangu, nikausikia ubaridi wake. "Ni kidole tu."

Aliposema hivyo, karani mwenyewe aliinamisha macho. Mulamwa alikuwa amesimama palepale, bandeji yake iko usawa wa meza, kidole gumba kimoja kinatoka humo, cha zambarau.

Nikaurudisha mkono wangu kwangu, nikaukalia.

"Kidole changu siweki hapo."